Barafu ya Mama Mdogo

Basi lilizimika tumeshaipita Hale, Muheza bado, saa nane mchana. Nauli tulilipa ya basi la kiyoyozi, na kiyoyozi chenyewe kilikata roho tangu Chalinze. Tuliposimama kula, maji ya shilingi 500 tuliuziwa 1,000, na kuku alikuwa mkavu kama kuni. Hayo yote ningeyavumilia. Hofu yangu ilikuwa mama mdogo.

Figo zake zimefeli, huu mwaka wa tatu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, kila mara saa nne nzima. Mkojo hautoki tena, kwa hiyo maji anayokunywa yanabaki mwilini mpaka mashine iyatoe. Yakizidi, miguu inavimba. Yakizidi zaidi, anashindwa kupumua. Daktari kamruhusu nusu lita kwa siku, chai na mchuzi humo humo. Ndiyo maana husafiri na chupa ndogo ya chai ambayo ndani hamna chai, mna vipande vya barafu. Humumunya kimoja kimoja mpaka usiku.

Na safari yenyewe ni ya kumjulia hali shoga yake wa Ngamiani, mjini Tanga, aliyeteleza akavunjika nyonga. Nilimwambia atume pesa na salamu kwa simu. Akaniuliza, "Simu itamshika mkono?"

Basi, abiria tukashuka, tukamzunguka konda, kijana mdogo tu, kila mtu anadai nauli yake. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi. Nilipogeuka, mama mdogo hayupo pale kivulini nilipomkalisha. Nikamkuta chini kwenye majani, kando ya binti aliyepakata mtoto wa kama miaka miwili. Mtoto anachemka kwa homa, kila akipewa maji anayatapika.

Chupa ilikuwa wazi. Mama mdogo alifunga kipande cha barafu kwenye pindo la khanga, akakigonga kwa jiwe, akawa anamtia mtoto punje punje mdomoni. Mtoto akanyonya, haikurudi. Akatoa cha pili, cha tatu, vingine akamfuta navyo usoni na makwapani. Mkono wake wa kushoto una mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine; haubebi mzigo wala haupimwi presha, na ukiugusa unausikia unavuma kama mzinga wa nyuki. Yule mtoto akaweka vidole papo hapo. Akaacha kulia, ametoa macho, anausikiliza. Mama mdogo akamwachia.

"Mama, hiyo barafu ni yako ya mpaka usiku," nilimwambia, kwa sauti ambayo hadi leo inaniuma.

"Ni yangu, ndiyo. Kwani nimeiba?"

Vijana wa machungwa wakafika na baiskeli zao. Mama mdogo amekulia Muheza, michungwa ilikuwa hadi mlangoni kwao, na leo chungwa kwake ni sumu: potasiamu yake figo haziwezi kuitoa, ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama. Akanunua ya 2,000, akayamenya mwenyewe, akagawa. La kwanza alimpa konda. "Kula, mwanangu. Gari hukuliharibu wewe." Zile kelele zikaisha zenyewe. Alipomaliza nilimwona ameleta vidole puani, amefumba macho, ananusa.

Saa kumi na moja gari likawaka. Binti alishuka Muheza kumwahisha mwanawe hospitali, na pesa ya bodaboda ilitoka kwenye fundo la khanga ile ile iliyolowa.

Toka hapo hadi Tanga sikusema neno. Dar nimepanga mwaka wa sita, na jirani wa mlango wa pili simjui jina. Ngamiani nilikokulia, ukipita barazani kwa watu bila kusalimia, habari inakutangulia nyumbani. Sijui hayo niliyaacha wapi.

Usiku ule shoga wawili walilala chumba kimoja, mmoja na nyonga, mmoja na figo, wakacheka mpaka nikasinzia. Asubuhi ilibidi turudi, kesho yake ni Jumatatu. Nilikuwa najaza chupa yake barafu, nikaishia alipopimiwa na daktari. Akachungulia.

"Tia mpaka juu, baba. Hatujui leo tutakaa na nani."