Lebo za Kiswahili kwenye dirisha jeusi

Jumapili, usiku

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifungua dirisha la mstari wa amri na kulakiwa na picha ileile: upande wa kushoto nembo kubwa ya mfumo wa uendeshaji iliyochorwa kwa herufi, na upande wa kulia orodha ndefu inayotaja jina la kompyuta, toleo la kiini cha Linux (programu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta), idadi ya programu zilizosakinishwa, sheli (programu inayopokea amri), ukubwa wa skrini, prosesa, kumbukumbu na mengine mengi. Naona haya kukiri kwamba sikuwa nikiisoma. Prosesa ya kompyuta yangu haijabadilika tangu siku ya kwanza, na sihitaji kukumbushwa jina lake kila asubuhi. Ile orodha ilikuwa pambo, na kama mapambo mengi ilikuwa imewekwa kwa ajili ya macho ya wageni ambao hawaji.

Wiki hii nimeamua kuifanya iwe yangu. Nilikuwa nikiichapisha kwa programu ya neofetch, ambayo imeandikwa kwa Bash, lugha ya sheli, na ambayo toleo lake la mwisho, 7.1.0, lilitoka mwaka 2020. Hazina yake ya msimbo ilifungwa Aprili 2024 na sasa inasomeka tu. Nimehamia fastfetch, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya C, nayo humaliza kazi kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Amri `fastfetch --gen-config` huunda faili la mipangilio, `~/.config/fastfetch/config.jsonc`, na ndani yake mna orodha ya moduli, yaani sehemu zinazotoa mistari, kwa mpangilio uleule zinaochapishwa kwenye skrini. Usichokitaka unakifuta, au unakitangulizia mikwaju miwili (//) ili programu ikipuuze. Nembo niliiondoa bila majuto, kwa sababu nikigawa skrini mara mbili ilikuwa ikisukuma maandishi hadi yanakatika.

Kazi iliyonichukua jioni tatu haikuwa kufuta. Kila moduli hupokea lebo utakayoichagua mwenyewe, nami nikataka lebo zote ziwe za Kiswahili. Nilidhani ni suala la dakika kumi: kuchukua neno, kuweka neno, basi. Nikagundua kwamba siwezi kuupa mstari jina mpaka nijue mstari wenyewe unapima nini, na mingi kati yao sikuwa nikijua.

Nianze na ule wa muda. Mwanzoni niliandika «Imewaka kwa», na thamani yake nikaipanga isomeke siku, saa na dakika. Asubuhi iliyofuata skrini ikaniambia kuwa kompyuta imewaka kwa siku tisa. Nilicheka, kwani katika siku hizo tisa muda mwingi ilikuwa imefunikwa na kulala ndani ya mkoba. Nilipofungua faili la `/proc/uptime`, ambamo kiini chenyewe huandika hesabu hiyo, nikakuta namba mbili tu: ya kwanza ni sekunde zilizopita tangu mfumo uanze, ukiwamo muda wa usingizi, ya pili ni jumla ya sekunde ambazo viini vya prosesa vimekaa bila kazi, na kwa kuwa hujumlishwa kwa viini vyote, inaweza kuizidi ile ya kwanza kwa mbali. Kwa hiyo «imewaka» ni uongo mdogo. Lebo sasa ni «Tangu iwashwe», na hilo ndilo linalopimwa kweli.

Likabaki neno saa. Siku nilipoizima na kuiwasha upya, mstari ulisomeka «Tangu iwashwe: siku 0, saa 3, dakika 12», nami kwa nusu sekunde nikaangalia nje kuona kama kweli ni saa tatu na dakika kumi na mbili. Lugha yetu inatumia neno moja kwa kipimo cha muda na kwa wakati wenyewe, na katika maongezi muktadha hutuokoa. Kwenye mstari mmoja usio na sentensi hakuna muktadha. Wasahihishaji wa lugha hulikataa neno «masaa», nami kwa kawaida huwatii, lakini hapa nimeliandika bila kuomba radhi. Hakuna anayeuliza sasa ni masaa mangapi.

Kumbukumbu nayo ilinisumbua kwa njia nyingine. Jina halikuwa na shida. Shida ilikuwa namba. Kompyuta hii ina gigabaiti 16, lakini mstari huonyesha jumla ya 15 na kitu, na nilikuwa nikidhani kuna kosa la hesabu. Sehemu iliyopungua huwa imetengwa kabla kiini hakijaanza kuhesabu, hasa kwa ajili ya kifaa cha picha kilichomo ndani ya prosesa, ambacho hakina kumbukumbu yake chenyewe. Kwenye diski pengo lina sababu tofauti kabisa: watengenezaji huhesabu gigabaiti kwa elfu, programu inahesabu kwa 1024, na ndiyo maana diski ya 512 hutokea kuwa 476 na ushei bila chochote kuibwa.

Kisha nikajiuliza kama lebo iwe «Inayotumika» au «Iliyobaki», na swali hilo likanipeleka kwenye `/proc/meminfo`. Humo mna mstari wa MemFree na mwingine wa MemAvailable, na namba zake hutofautiana sana. Wa kwanza ni kumbukumbu ambayo haijaguswa na yeyote. Wa pili, ulioongezwa kwenye kiini 3.14 mwaka 2014, ni makadirio ya kiasi ambacho programu mpya inaweza kupewa bila kompyuta kuanza kuhangaika, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoonekana kutumika ni nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na nakala hizo zinaweza kuachiliwa papo hapo. Kwa miaka nimekuwa nikifunga programu kwa hofu nikiitazama namba ya kwanza. Lebo niliyoichagua ni «Inayopatikana».

Mstari ninaoupenda kuliko yote haumo katika orodha ya kawaida. Fastfetch ina moduli inayoendesha amri yoyote utakayoipa na kuchapisha jibu lake, nami nimeitumia kusoma mafaili mawili yaliyo chini ya `/sys/class/power_supply/BAT0`: `energy_full`, yaani nguvu ambayo betri inaweza kubeba leo ikijaa, na `energy_full_design`, nguvu iliyokusudiwa kiwandani. Kugawa ya kwanza kwa ya pili ni hesabu ya darasa la sita. Jibu lilikuwa asilimia 72. Alama ya betri kwenye kona ya skrini imekuwa ikiniambia asilimia 100 kila asubuhi, na haikusema uongo: ni asilimia 100 ya kile kilichobaki. Nimeuita mstari huo «Uzima wa betri», na nimeuweka juu kabisa.

Lazima pia niandike upuuzi nilioufanya Alhamisi, kwa kuwa uligharimu jioni nzima. Nilitaka salamu ichapishwe kabla ya orodha, hivyo katika faili la `.bashrc` la seva yangu ndogo, ambalo sheli husoma inapoanza, niliongeza neno «Karibu» na amri ya fastfetch, na kwa haraka nikaviweka mstari wa kwanza kabisa, juu ya ile sehemu inayokagua kama kuna mtu upande wa pili anayeandika. Kila kitu kilipendeza. Baadaye nikajaribu kutuma faili kwa sftp, programu ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta, ikakataa na kulalamika kwamba imepokea ujumbe mrefu mno wenye urefu wa 1264677481. Nilikagua mtandao, nikakagua funguo, nikaiwasha seva upya. Hatimaye nikaitazama ile namba yenyewe. Sftp hutarajia baiti nne za kwanza ziwe urefu wa ujumbe unaokuja, na baiti nne ilizozipata zilikuwa herufi K, a, r, i. Ukizisoma herufi hizo kama namba moja, unapata 1264677481. Nilikuwa nimeikaribisha programu ambayo haikuja kuzungumza. Nimeisogeza salamu chini ya ukaguzi, na mafaili yanapita.

Mistari imebaki saba. Sheli, fonti na mandhari ya madirisha vimeondoka, na sijavikosa. Upangaji wa lebo ulihitaji namba moja tu ya upana ili nukta mbili zote zisimame kwenye safu moja, na rangi nimeziacha mbili.

Usiku huu nilikuwa nikimalizia mstari wa mwisho, ule wa sehemu ya diski ambako kiini huhamishia kurasa za kumbukumbu, yaani vipande vyake vidogo. Nilikuwa nimeuandika «Akiba», na nikaona haukai sawa, kwa sababu akiba huguswa pale kilichopo kinapokwisha, ilhali kiini kinaweza kuhamisha kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda mrefu hata kama nafasi bado ipo tele. Kitu kinachofanana na hicho nyumbani kina jina: mahali pa kupeleka vitu visivyotumika ili sebule iwe na nafasi, ijapokuwa sebule haijajaa. Mstari sasa unasomeka «Stoo: 0.3 kati ya 4», na juu yake kumbukumbu inayopatikana ni zaidi ya nusu.