Vitambaa Mezani Hadi Saa Tatu

Kila meneja wa ukumbi tuliyempigia simu aliuliza kwanza watoto watakuwa wangapi. Ukitaja vichezeo, mtu anawaza maputo na makelele, nami nilishachoka kueleza kwamba wageni wetu wengi wana mvi. Tulikuwa kikundi cha wakusanyaji tuliozoea kukutana sebuleni kwa mmoja wetu, kila mtu na ugonjwa wake: huyu magari madogo ya Hot Wheels na Matchbox, yule roboti wa Transformers, mwingine wanasesere wa Barbie wa miaka ya mwanzo, wale wa 1959 na waliofuatia. Safari hii tuliamua kuita watu wote. Tukodi ukumbi, tukodishe meza kwa wauzaji, tutoze kiingilio, tuone itakuwaje. Mimi nilipewa uenyekiti kwa sababu siku ya kuchagua sikuwepo.

Ukumbi tulioupata ulikuwa wa mtu makini. Hakuuliza habari ya watoto. Aliuliza njia kati ya meza zitakuwa na upana gani, watu wangapi watakuwa ndani kwa wakati mmoja, na nani atabeba bima. Mkataba ulikataza gundi ukutani na kuziba milango ya dharura, ukamalizia kwa kusema kwamba mali ya wageni ni juu ya wageni wenyewe. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichotunyima usingizi. Bima yetu ingelipia dirisha likivunjika, isingelipia gari dogo la Dinky la miaka ya 1930. Na Dinky za miaka ile hata usipoziangusha zinajivunja zenyewe: zilimiminwa kwa aloi ya zinki, na pale aloi hiyo ilipoingiliwa na risasi, gari hupata nyufa, hujipinda, mwishowe hubomoka mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa nazo chache alizifunga kwenye pamba, moja moja, akatuambia atazileta ila hatazitoa. Alitimiza neno lake. Zilishinda ndani ya boksi, yeye kando yake kwenye kiti, akizisimulia, na watu walisimama kumsikiliza.

Mtu wa nje hudhani kongamano la namna hii hulipiwa na kiingilio. Kiingilio unakijua siku yenyewe, jioni, wakati mwenye ukumbi alishachukua chake zamani. Pesa ya kukodi ukumbi hutoka kwenye meza, kwa kuwa meza hulipiwa mapema. Kwa hiyo wauzaji ndio wanaoibeba shughuli, nao wanalijua hilo vizuri. Kila mmoja anataka meza ya karibu na mlango. Niliichora ramani ya ukumbi, nikaifuta, nikaichora tena, na kila aliyeiona alikuwa na sababu yake. Watu wa Barbie hawataki kabisa kukaa dirishani, na wana haki: jua hupausha nguo na nywele. Wenye roboti weupe nao hawataki, maana plastiki ile hugeuka njano ikipigwa na mwanga. Basi dirishani nikawaweka wauza magari ya chuma, wakanung'unika kwamba wamenyimwa kivuli.

Watu wa LEGO, yale matofali ya plastiki ya kuchezea, hawakujali dirisha wala mlango. Walitaka kitu kimoja tu: meza zote ziwe na kimo kimoja. Sikulitilia maanani hadi usiku wa kuamkia shughuli, tulipounganisha meza na kugundua kwamba za ukumbi zilinunuliwa kwa awamu mbili. Tofauti ilikuwa unene wa kidole. Kwa muuza wanasesere hiyo si kitu. Kwa watu wanaojenga mji wenye reli, kwa matofali ambayo yale ya 1958 bado yananasa barabara kwenye ya leo, unene wa kidole ni genge. Treni ilifika kwenye kiungo cha meza ya pili na ya tatu, ikainua pua, ikalala ubavu. Mmoja wao, mtu mzima mwenye miwani, akalala kifudifudi sakafuni na pimamaji mkononi, wenzake wakimkatia vipande vya kadibodi. "Ongeza. Ongeza. Toa kimoja." Waliendelea hivyo kwenye kila mguu wa kila meza, na nilipoondoka kwenda kulala walikuwa hawajafika nusu.

Wazo la kutoa kichezeo maalumu cha kongamano lilikula vikao vingi na halikuzaa kitu. Shabiki yeyote wa Transformers atakuambia kwamba BotCon ya kwanza, kongamano lao, huko Fort Wayne, Indiana, mwaka 1994, ilikuwa na roboti wake wa pekee, Breakdown, na kijana wetu mmoja aliona kama wao waliweza, sisi tunashindwaje. Alitaka tununue roboti wa dukani, tuwapake rangi nyingine, tuchape boksi letu lenye nembo. Lakini ukichapa nembo ya mtu bila ruhusa yake umejitafutia kesi, na tukisema tuombe leseni kwa idadi ndogo tuliyoifikiria sisi, nani angetujibu? Tukachapa beji za karatasi. Kijana ananuna mpaka leo.

Jambo lililotugawa kweli lilikuwa saa ya kwanza.

Anayeyajua masoko ya wakusanyaji anajua kinachotokea. Wauzaji huingia alfajiri kupanga meza, na wakimaliza kupanga wanaanza kutembeleana. Muuzaji ana jicho. Anapita meza ya mwenzake, anaona Hot Wheels yenye matairi ya mstari mwekundu, yale yaliyotoka kati ya 1968 na 1977, imechanganywa kikapuni na magari ya juzi, kwa bei ya magari ya juzi. Anaichukua hapo hapo. Mlango unapofunguliwa, shabiki aliyelipa kiingilio na kupanga foleni tangu kuna umande analikuta gari lile lile meza ya pili, ndani ya kasha safi la plastiki, bei imepanda mara kadhaa. Hakuna aliyeiba. Lakini shabiki huyo hatarudi, na mashabiki wakiacha kuja, wauzaji watabaki wanauziana wao kwa wao hadi mmoja wao azime taa.

Kwa hiyo kwenye fomu ya kukodi meza tuliandika kwa herufi nene kwamba kila meza itafunikwa kitambaa hadi saa tatu kamili asubuhi, na kabla ya hapo hakuna kuuza, kununua wala kubadilishana. Wote walitia sahihi. Kama kuna aliyesoma, hakujitokeza.

Usimamizi tulimpa mama mmoja mkusanyaji wa Playmobil, vile visanamu vya plastiki vya tangu 1974, ambaye maisha yake yote ya kazi alisimamia mitihani. Alipita kati ya meza mikono nyuma, taratibu, bila kumtazama mtu yeyote usoni, na ghafla ukumbi mzima ukawa na adabu. Si mzima. Nilimwona mmoja ameingiza mkono chini ya kitambaa cha jirani yake hadi kwenye kiwiko, anapapasa, macho yameelekea dari. Alikuwa anatafuta uzito: gari la zamani lenye mwili na tumbo la chuma unalijua kwa kulipima tu kiganjani, huhitaji kuliona. Mama alisimama nyuma yake. Hakusema kitu. Mkono ukatoka polepole, mtupu.

Aliyekuja kwangu waziwazi alikuwa muuzaji mkongwe kuliko wote, mtu ambaye jina lake kwenye tangazo ndilo lililowavuta wengine wakodi meza.

"Mwenyekiti, mimi nimelipia hii meza. Kilicho juu yake ni changu."

"Ni chako, mzee wangu. Saa tatu utamwonyesha kila mtu."

"Na nikienda chooni na pesa mfukoni, nikakutana na mwenzangu huko naye ana mfuko wake?"

"Mtauziana huko huko," akadakia mama wa Playmobil, "na mimi nitasimama mlangoni nione mnatoka na nini."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko, mzee naye akacheka kwa shingo upande, akarudi kwenye meza yake akakaa amekunja mikono. Aliniambia, kwa sauti ya kusikika meza tatu, kwamba huko kwingine anakoalikwa hawafanyi utoto huu. Sikumjibu. Angefunga mizigo yake, wengine wanne au watano wangemfuata, na hesabu yetu ingekufa saa mbili asubuhi. Lakini kumruhusu yeye peke yake kungeiua kwa njia ndefu zaidi.

Saa tatu vitambaa vikaondoka vyote kwa pamoja, milango ikafunguliwa, na kwa muda wa saa nzima sikuweza kutoka upande mmoja wa ukumbi kwenda mwingine.

Ugomvi wa pili ulikuja karibu na saa tano. Dada mmoja alinijia amebeba kisanamu kilichofungwa kwenye karatasi laini, akiwa amekishika kwa vidole viwili. Ilikuwa Jawa, kiumbe kifupi wa filamu za Star Wars, ya kampuni ya Kenner, kutoka kwenye mfululizo wa visanamu ulioanza kuuzwa 1978. Wasiojihusisha na mambo haya wanahitaji kuelezwa kidogo: Jawa za mwanzo kabisa zilivaa joho la vinaili, yaani plastiki laini, kisha Kenner wakabadilisha wakazivika joho la kitambaa. Za kitambaa zimejaa. Za vinaili ni za kutafuta kwa tochi, na kwa kuwa Obi-Wan Kenobi wa mfululizo huo huo alivaa joho la vinaili lililo kubwa zaidi, kuna watu hulikata hilo kwa mkasi, wakamvika Jawa, wakauza. Dada huyu alikuwa ameinunua kama ya vinaili halisi, na roho yake ilikuwa imeanza kumsuta alipofika kwenye ngazi.

Tulikuwa tumetenga meza ya wakaguzi, watu watatu wasiouza chochote siku hiyo. Mmoja alilivua joho, akalilaza juu ya karatasi nyeupe, akaweka lenzi. Akaufuata ukingo wa chini kwa ncha ya kalamu bila kuugusa. Katikati ulikuwa umenyooka vizuri, lakini upande wa kulia ulipanda kidogo ukashuka, namna ukingo unavyokuwa mkasi unaposimama na kuanza tena. Akampa wa pili lenzi. Wa tatu alipomaliza, wa kwanza akasema, "Siwezi kuiita halisi."

Hakusema ni feki, na hilo lilikuwa jambo la busara, kwa maana muuzaji alikuwa ameshafika na amesimama nyuma yetu.

"Hii si mahakama," akasema. "Niliiuza kama nilivyoinunua."

Nilimwamini. Bidhaa nyingi za kughushi katika shughuli hii huuzwa na watu waliotapeliwa wao kwanza, na ndiyo maana kuwakaripia hakusaidii kitu. Fomu ilisema kwamba kitu kilichouzwa kama halisi, wakaguzi wote watatu wakishindwa kukithibitisha, pesa inarudi siku hiyo hiyo na mali inarudi kwa muuzaji. Tulitoka nje tukaongea, sisi wawili. Alirudisha pesa kwa sharti kwamba jina lake lisitangazwe kwenye kipaza sauti, na sikuwa na nia hiyo hata kidogo.

Baada ya muda nikapita mezani kwake. Jawa ilikuwa imerudi mahali pake na kibandiko cha bei kile kile. Nikamletea kibandiko cha NAKALA, tulichokuwa tumewachapia wauza silaha na vifaa vidogo vya visanamu vilivyo vya kuigiza, akakataa katakata: kisanamu chenyewe ni halisi, alisema, na hapo alikuwa na hoja. Tulibishana hadi tukakubaliana aandike kwa mkono wake "joho halijathibitishwa" na apunguze bei. Kabla ya kufunga alikuwa ameiuza, kwa mtu aliyesoma maandishi yote, akacheka, akasema alichotaka ni Jawa tu, joho atalishona mwenyewe.

Jioni tulilipa tulichodaiwa, tukabakiwa na kitu kidogo, hakitajiki. Watu wa LEGO waliacha kadibodi zao zote chini ya miguu ya meza, na mwenye ukumbi aliniuliza kwa upole kama tunaweza kuziacha hapo hapo daima.

Wa kwanza kukodi meza kwa kongamano lililofuata alikuwa yule mzee mkongwe. Alipiga simu mwenyewe, akataka ile ile ya karibu na mlango, akaniarifu kwamba kitambaa atakuja nacho cha kwake. Alikuja nacho kweli: chekundu, kirefu hadi sakafuni, kimechapwa jina la duka lake kwa herufi nyeupe zinazosomeka kutoka upande wa pili wa ukumbi. Kwa hiyo tangu alfajiri, wakati meza zote zimefunikwa na hakuna aliyeruhusiwa kuuza, yake peke yake ilikuwa inatangaza biashara. Mimi na mama wa Playmobil tuliisoma tena fomu kutoka juu hadi chini. Haikukataza.