Spiriti haitoi chumvi: kupaka bodi vanishi hapa Lamu

Kopo la chumvi jikoni kwetu lina punje za mchele ndani, na kwako pia kama unakaa Lamu, manake bila mchele chumvi inashikana inakuwa tope hata kama hakuna aliyemwaga maji. Sasa chumvi hiyohiyo ndo inakaa juu ya bodi, yani zile sahani za ndani zenye saketi, za vifaa vya solar, inverta, friji na tivii zetu. Watu wananiletea vitu hapa Langoni wananiambia fundi hiki hakijanyeshewa hata siku moja, na nawaamini kabisa. Ni hewa tu. Kusi ikivuma inabeba rasharasha ya mawimbi mpaka dirishani, maji yanakauka chumvi inabaki, halafu unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 hiyo chumvi inajivutia maji yenyewe na kuyeyuka palepale ilipo. Na asilimia 75 kwetu ni usiku wa kawaida.

Naandika hii kwa sababu ya kazi moja ilonirudia.

Kuna ami mmoja nahodha, mashua yake inalala Shela, mwaka jana aliniletea chaja kontrola ya solar, kile kifaa kinachosimamia paneli inavyochaji betri. Paneli nzima, betri nzima, kontrola haichaji. Nikapima betri voliti 11.9, yani ina njaa, lakini kioo cha kontrola kinasema 14, imeshiba. Nilihangaika nayo siku nzima mpaka nikaiweka chini ya lenzi nikaona ukungu mweupe umechanganyika na kijani kwenye miguu ya rizista ndogondogo, vile vidude vya kuzuia umeme, hapa vinagawa voliti kabla hazijaingia kwenye chipu. Piga hesabu uone: chukulia rizista ya juu ni kiloomu 100 (kipimo cha kuzuia umeme) na ya chini 10, chumvi ikifungua kinjia cha pembeni cha kiloomu 500 tu sambamba na ile ya juu, chipu inasoma 14 badala ya 11.9. Hakuna kilichoungua wala kukatika. Ni mkondo mdogo mno unapita pasipokuwa na njia, na kontrola inaacha kuchaji kwa sababu imedanganywa.

Nikaisugua kwa mswaki na spiriti ya isopropili, ikang'aa, nikapuliza vanishi ya bodi ya akriliki, ile ambayo viwandani inaitwa konfomali kotingi. Nikamrudishia ami nikiwa na uhakika. Miezi minne baadae huyo mlangoni. "Mwanangu, ile dawa yako imefanya malengelenge."

Kweli, vanishi ilikuwa imevimba vipele vidogo vidogo na chini yake shaba imegeuka kijani. Iliniuma sana manake yule mzee anategemea ile taa baharini usiku, na mimi nlimpa neno langu.

Kosa lilikuwa langu na ntalieleza ili lisimkute mwingine. Spiriti inatoa flaksi, ile dawa ya kulehemia inayobaki, na mafuta ya vidole, lakini chumvi haiyeyuki ndani ya spiriti, au inayeyuka kidogo sana cha kupuuzwa. Nlikuwa naisambaza tu. Halafu nikaifunika. Na hizi vanishi sio plastiki ya kufunga kabisa, mvuke wa maji unapita taratibu siku hadi siku, ukifika chini ukakuta punje ya chumvi inavuta maji, tone linakua, linainua vanishi, na kwa vile umeme wa betri ni wa upande mmoja masaa 24, shaba ya upande wa chanya inaliwa inasafiri kuelekea hasi. Bodi chafu ilopakwa vanishi mimi naona ni mbaya kuliko bodi ambayo haijapakwa kabisa, manake ile ya wazi unaweza kuiosha tena.

Kwa hiyo saivi naosha kwa maji kwanza. Ndio, maji, lakini sio ya kisima wala ya mfereji, hayo yana chumvi yake. Natumia yale safi ya kuongezea betri (sio asidi jamani, soma chupa), betri imeshatolewa na kapasita, zile zinazohifadhi umeme, zimeshaishiwa, mswaki laini, nasuuza mara mbili tatu, ndo spiriti inafuata kufukuza maji na kutoa flaksi. Vitu vya wazi kama baza, swichi na relei isiyozibwa naviepusha na maji. Kisha bodi inalala kwenye sanduku lenye balbu masaa kadhaa mpaka hata chini ya chipu pamekauka.

Kupuliza napuliza mchana wa jua, madirisha wazi na hakuna moto karibu, manake ile thina iliyomo kwenye vanishi inashika moto. Jioni yenye unyevu usijaribu, thina ikikauka inapoza bodi, umande unashika na vanishi inakuwa nyeupe kama maziwa. Soketi, skrubu za nyaya na mahali bodi inapogusa hitisinki, lile bati la kupozea, nafunika kwa tepu ya karatasi. Tabaka mbili nyembamba, ya pili nageuza bodi ili kivuli cha kapasita nacho kipate. Akriliki inatosha kati ya milimita 0.03 na 0.13, ukijaza inashika mapovu. Kwenye ncha kali za miguu vanishi huteleza ikawa nyembamba, hapo narudia kwa brashi. Vanishi nyingi zina rangi inayowaka kwenye mwanga wa zambarau, basi nachukua kile kitaa cha madukani cha kukagulia noti, nazima taa, na pale palipo giza najua sijapaka.

Mtaniuliza kwanini sio vanishi ya epoksi. Epoksi ni ngumu ndio, lakini kesho rizista ikifa utaitoaje? Akriliki naitoa kwa thina natengeneza narudishia. Poliurethani inastahimili mafuta na kemikali kuliko akriliki, kwa hiyo karibu na injini ya boti naielewa. Silikoni ni nzuri kwenye joto, lakini tafadhalini ile ya hadwea ya kuzibia sinki inayonuka siki msiweke kwenye bodi, siki ile ni asidi na inakula shaba. Nimeshafungua inverta mbili zilizozibwa hivo, zote kijani tupu.

Ya ami niliivua vanishi yote, nikaunga njia mbili zilizoliwa kwa waya mwembamba, nikaosha kwa maji na kuanza upya, na sikumtoza kitu. Imepita kusi nzima. Wiki ilopita nlivuka Shela nikaifungua mwenyewe hapohapo kwenye mashua, betri 12.6 kwenye mita na kioo nacho 12.6. Nikamulika na kitaa, inawaka kote isipokuwa kona moja ambapo waya ulikuwa unasugua na mashua ikiyumba. Nikapasafisha nikapapaka kwa brashi, nikaufunga waya mbali na bodi, ami akanimiminia kahawa tukasubiri ikauke.