Saidia fundi aanze kusema

Jumamosi usiku.

Leo tumemwaga zege la slabu ya kwanza. Watu 30 hivi, mikseri mbili za kukodi, na vaibreta, mashine ya kushindilia zege, iliyosumbua toka asubuhi.

Kabla mikseri hazijawashwa huwa tunasimama kidogo chini ya mwembe tuongee kazi ya siku. Mimi kama meneja wa mradi nina utaratibu mmoja nisioubadilisha: saidia fundi ndio wanaoanza kusema, fundi mkuu anamalizia. Wapo wanaoona namvunjia mzee heshima. Lakini kwetu mkubwa akishanena, nani atafungua mdomo? Mzee akisema mambo yako sawa, basi yako sawa, hata kama sivyo.

Leo kijana mmoja wa kubeba kokoto akasema, macho yakiwa kwenye viatu vyake: "Injinia, mirunda ya kona ya choo imekaa kwenye tope. Bomba linavuja toka jana."

Mirunda ndiyo nguzo za miti zinazoishikilia slabu mpaka ikauke. Fundi mkuu alimtazama, akaenda kuangalia mwenyewe. Akarudi na neno moja: "Mbao." Vikaletwa vipande vya kutandika chini, mirunda ikakazwa upya, bomba likafungwa. Mwenye mikseri alinuna, maana anahesabu saa. Anune tu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400. Mrunda ukititia, slabu inakauka na kibonyeo chake.

Kwenye mafunzo ya usimamizi hatukosi kusomeshwa hatua za mwanasaikolojia Bruce Tuckman za mwaka 1965: timu inaundwa, inagombana, inazoeana, kisha inachapa kazi. Sizipingi. Ila alizipata kwa kupitia maandiko kuhusu vikundi vidogo, vingi vyao vya tiba na vya mafunzo, watu wale wale wamekaa pamoja. Huku saitini, seremala anaondoka, fundi nondo anaingia, halafu fundi umeme anapanda juu ya nondo za mwenzake kupitisha mabomba ya nyaya. Kila wiki unaanza na sura mpya, na ugomvi mpya.

Juzi fundi umeme alizikanyaga nondo za juu za kibaraza, zikalala. Kibaraza kisicho na nguzo mbele kinashikiliwa na nondo hizo za juu. Zikishuka, uwezo wake wa kubeba unapungua sana, hata ziwe nene vipi. Fundi nondo alitukana mpaka majirani wakachungulia. Ningeweza kutoa amri nikaondoka. Nilimwomba yeye mwenyewe amweleze mwenzake kwa nini zile hazikanyagwi, akaeleza kwa mikono, akipinda kipande cha waya. Leo fundi umeme huyo huyo alikuwa anawafokea wabeba ndoo: "We dogo, pita kwenye ubao! Nondo hizo!"

Somo ambalo sijaliona kwenye mafunzo yoyote ni la malipo. Watu wa kutwa walipwe Jumamosi hiyo hiyo, mapema, waende sokoni. Ukiwazungusha, Jumatatu asubuhi chini ya mwembe hakuna atakayekuambia habari ya tope. Mwenye jengo alinipigia mchana akitaka tusogeze malipo mpaka wiki ijayo. Nikamwambia sawa bosi, basi na wa kumwagilia slabu maji siku 7 tutawatafuta wiki ijayo. Pesa ziliingia saa tisa alasiri.