Nyumba nyuma ya mikoko: pima maji kabla ya kupima viwanja

Mvua za kusini mwa Tanzania huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Mwekezaji mwenye haraka humleta mtaalamu Septemba, bonde likiwa limekauka hadi bodaboda zinapita katikati. Ripoti itaandika "eneo tambarare lenye nyasi", na Februari nyumba zitakuwa majini. Tathmini ya athari kwa mazingira (TAM) ya nyumba karibu na ardhioevu huharibikia hapo mara nyingi kuliko kwenye sura zote zinazofuata.

Tuchukue mradi wa kufikirika: viwanja 120 nyuma ya mikoko ya Lindi, upande ambako Mto Lukuledi unaingia baharini.

Kwanza mpaka wa ardhioevu. Msiangalie maji, angalieni udongo. Toboeni kwa keekee ya mkono kila mita 25, kwa mstari kutoka kwenye mikoko kupanda juu, kina cha mita 1.5 hadi 2. Udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu ndani ya sentimita 30 za juu unasema maji hukaa hapo kwa muda mrefu kila mwaka, hata kama leo unatoa vumbi. Matete na ndago vinathibitisha. Upande wa chumvi, mchu (aina ya mkoko) mfupi mfupi ndio huwa wa mwisho, kisha unakuja uwanja mtupu usioota kitu. Madalali wanaupenda sana uwanja huo kwa sababu hauhitaji kufyekwa. Ni mtupu kwa sababu bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hufika hapo na kuacha chumvi.

Baadhi ya matundu yageuzeni visima vya kupimia: bomba la PVC la inchi 2, mita ya chini imetobolewa, changarawe pembeni, udongo wa mfinyanzi juu kuziba maji ya mvua, na kofia. Pimeni kina cha maji kila wiki msimu mzima wa mvua. Siku za bamvua pimeni maji yakijaa na yakipwa, maana karibu na pwani maji ya ardhini hupanda na kushuka na bahari. Kipimo kimoja cha mchana wa kiangazi hakina thamani.

Mkitoa tope jeusi lenye harufu ya yai viza, msilipite. Wekeni kiasi kwenye sahani, liwe na unyevu kwa wiki kadhaa, halafu pimeni pH. Ikishuka chini ya 4, tope hilo likichimbwa na kupigwa hewa litatoa asidi inayoua samaki kwenye mifereji na kula zege la misingi. Dawa yake ni kutolichimba.

Sasa kifusi, ambacho ripoti nyingi hukipa sentensi moja. Kuinua hekta 1 kwa mita 1 ni meta za ujazo 10,000 zilizoshindiliwa. Kwa lori la meta za ujazo 10 ni safari zaidi ya 1,000, na shimo kubwa limebaki kwenye kilima cha mtu mwingine. Shimo hilo ni sehemu ya mradi, litathminiwe. Maji yaliyokuwa yakitulia kwenye hekta ile nayo hayakufa. Yanahamia kwa jirani. Ongezeni mapaa: mvua ya milimita 50 juu ya paa la meta za mraba 100 ni lita 5,000, zote zikitaka njia kwa wakati mmoja.

Maji taka: nyumba 120, watu 5 kila moja, lita 100 kwa mtu, asilimia 80 ikirudi kama maji taka, ni lita 48,000 kwa siku. Kama kisima cha kupimia kinaonyesha maji sentimita 70 kutoka juu wakati wa mvua, shimo la kunyonya la mita 3 litakuwa limezama, na kinyesi kitakwenda moja kwa moja kwenye visima na kwa kamba wa baharini. Kitako cha shimo kinatakiwa kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini yanapofikia kilele. Pasipowezekana, wekeni mabomba ya pamoja hadi mabwawa ya kusafishia yaliyo mwinukoni, au punguzeni viwanja.

Mkutano wa mtaa usiitwe saa nne asubuhi siku ya bamvua. Pwani yetu maji hupwa karibu na saa hizo, na wanawake wanaookota chaza watakuwa mchangani. Mtabaki na wanaume wenye viwanja vya kuuza. Waulizeni pia wa mabwawa ya chumvi na wa mpunga maji yalifika wapi mwaka mbaya zaidi, kisha waende wawaonyeshe, na mpachukue kwa GPS.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe au ukingo wa mto. Anzeni kuhesabu kwenye mstari wa juu wa takataka za bamvua, siyo maji yalipo siku mpima anapofika. Mikoko yenyewe ni hifadhi ya misitu. Kuikata ni suala la Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), halimalizwi na barua ya mtendaji.

Mpango wa usimamizi utaje nani atasoma visima vile baada ya nyumba kuuzwa, mara ngapi, na fedha zinatoka fungu gani. Pakiandikwa tu "mwekezaji atahakikisha", rudisheni ripoti.