Kitufe cha "Idhinisha" kimfungukie nani, na wakati gani?

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza mifumo ya kuidhinisha nyaraka maofisini, na jambo ninalolisimamia kuliko yote ni hili: cheo peke yake hakitoshi kuamua mtumiaji abonyeze nini. Mfumo unapaswa kutazama kwa pamoja mtumiaji ni nani, waraka umefikia hatua gani, na yeye anahusikaje na waraka huo.

Tuchukue ombi la masurufu ya safari. Likiwa rasimu, mwombaji anaweza kulihariri, kulifuta au kuliwasilisha. Akishaliwasilisha, kitufe cha kuhariri kinapaswa kufungwa, abaki na uwezo wa kulisoma, na wa kuliondoa endapo msimamizi wake bado hajalifanyia kazi. Msimamizi naye apate kupendekeza, kurudisha au kukataa. Mhasibu asifunguliwe chochote hadi afisa masuuli aidhinishe. Sasa mwombaji akiwa mkuu wa idara, ambaye kwa cheo chake ndiye anayependekeza maombi ya idara nzima, mfumo unaotazama cheo tu utampa kitufe cha kupendekeza safari yake mwenyewe. Wataalamu wa usalama wa kompyuta David Clark na David Wilson waliliandika suala hili la kutenganisha majukumu, yaani mtu mmoja asishike hatua zote za jambo lilelile, mwaka 1987, wakilifanya nguzo ya kulinda usahihi wa taarifa za kibiashara, na bado nakutana na mifumo mipya isiyolizingatia.

Kurudisha na kukataa visichanganywe. Ombi lililorudishwa hubaki na namba yake na humsubiri mwombaji alirekebishe, ilhali lililokataliwa limefungwa. Kote kuwili sehemu ya maoni iwe ya lazima, kwa sababu mwombaji asiyeambiwa kasoro iko wapi ataliwasilisha tena vilevile. Na likirekebishwa, mapendekezo ya awali yafutike: msimamizi aliyependekeza safari ya siku 5 hakupendekeza ya siku 8, hata kama jina lake bado linasomeka chini ya ombi.

Wako wanaodhani kuwa kuficha kitufe kwenye ukurasa kunatosha. Hakutoshi hata kidogo, kwani mtu mwenye ujuzi wa wastani anaweza kutuma amri ileile moja kwa moja kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, bila kukigusa kitufe. OWASP, taasisi ya kimataifa inayoshughulikia usalama wa programu, katika orodha yake ya mwaka 2021 ya hatari kuu za programu za wavuti, iliupandisha udhaifu wa udhibiti wa ruhusa kutoka nafasi ya 5 hadi ya 1. Kwa hiyo seva ndiyo ihakiki ruhusa kila amri inapoifikia, tena kwa kutazama hatua ya waraka ya wakati huohuo. Vinginevyo msimamizi aliyeuacha ukurasa wazi tangu asubuhi atalikataa jioni ombi ambalo mwenzake alikwisha kulipitisha mchana.

Eneo linalonisumbua zaidi ni kukaimu. Mkuu akisafiri na mfumo ukawa hauna njia ya kukaimisha, nywila yake huachwa kwa katibu muhtasi, na kumbukumbu zitaonyesha kuwa mkuu aliidhinisha malipo saa ambayo alikuwa angani. Mkaguzi akija, hakuna awezaye kumwonyesha nani hasa aliyebonyeza. Naomba sana wanaoagiza mifumo hii wadai ukaimishaji uwekwe ndani yake tangu mwanzo, wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, unaojifunga wenyewe muda ukipita, na unaoandika majina yote mawili, la anayekaimu na la anayekaimiwa. Anayekaimu asifunguliwe ombi aliloliwasilisha yeye mwenyewe kabla ya kukabidhiwa nafasi hiyo. Hilo lipelekwe ngazi ya juu, hata kama litachelewa.