Siku mama alipoambiwa shauri linaanza upya

Tulipotoka nje ya chumba cha Mahakama Kuu mama alinishika mkono kwenye korido akaniuliza, "Kwa hiyo tumeshindwa?" Nikamwambia hapana. "Basi tumeshinda?" Nikamwambia hapana, mama. Ilikuwa mwaka 2019. Alikuwa na miaka 71, na hukumu aliyoipata 2017, baada ya miaka mitatu ya kuamka alfajiri kuwahi Hiace ya kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, ilikuwa imefutwa pamoja na mwenendo wote wa shauri, yaani kumbukumbu zote za yaliyosemwa barazani. Amri ya Jaji ilisema shauri lisikilizwe upya, mbele ya mwenyekiti mwingine na wajumbe wengine, wale wanaoketi naye na kumpa maoni.

Shamba lenyewe ni ekari mbili na nusu, bondeni. Mpaka ni mstari wa mkonge alioupanda marehemu baba. Jirani wa upande wa chini alidai mkonge umesogezwa, baraza likasikiliza mashahidi saba, mama akashinda. Jirani akakata rufaa, na sababu zake zote zilikuwa za mpaka: nani alipanda, nani aliona.

Jaji hakugusa mpaka. Aliwataka mawakili wote wawili wafungue kurasa za mwisho za mwenendo, akawauliza: maoni ya wajumbe yalisomwa lini mbele ya wadaawa, yaani pande mbili za shauri? Hakuna aliyekuwa ameliweka hilo kwenye sababu za rufaa. Ndiyo maana akampa kila wakili nafasi ya kulisemea kwanza kabla hajaamua. Siku ile niliona ni kupoteza muda. Leo nikikumbuka, namheshimu sana kwa hilo.

Usiku nikakaa na nakala ya mwenendo mezani, taa ya chemli kwa sababu umeme ulikatika, nikaitafuta hiyo sehemu. Mstari wa mwisho ulisomeka: ushahidi umefungwa, hukumu tarehe fulani. Karatasi iliyofuata ni hukumu yenyewe, na ndani yake sentensi moja tu kwamba wajumbe wanakubaliana na mwenyekiti. Nikaikumbuka vizuri siku hiyo. Wale wazee wawili waliketi kushoto na kulia kwa mwenyekiti, mmoja kofia yake ameipakata. Shauri lilipofungwa walinyanyuka wakatoka kama sisi tulivyotoka. Hatukusikia neno lao hata moja.

Wakati ule kifungu cha 23 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi kilidai baraza liwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, nao watoe maoni yao kabla mwenyekiti hajafikia hukumu. Kanuni za mabaraza hayo za 2003 zikaongeza kwamba maoni yawe ya maandishi, na mjumbe anaweza kuyaandika kwa Kiswahili. Kisha Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Na. 287 ya mwaka 2017 iliyotoka Mbeya, ikaweka wazi kwamba wadaawa lazima wayasikie maoni hayo, wajue yalisema nini na kama mwenyekiti aliyazingatia.

Nilimuuliza wakili wetu kwa nini Jaji asingemaliza tu palepale, ushahidi wote si ulikuwa mbele yake? Akaniambia, "Mwenyekiti angekosea kupima ushahidi, Jaji angeupima mwenyewe tukamaliza leo. Hapa baraza lenyewe halikukamilika, hana cha kupima." Akaniongezea kwamba si kila kosa linarudisha watu mwanzo. Kifungu cha 45 cha sheria hiyohiyo kinakataza hukumu kutenguliwa kwa kasoro ambayo haikusababisha haki ipotee. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa mwaka 1966, uliokuwa wa jinai lakini unafuatwa hata kwenye madai, mtu hapewi usikilizwaji mpya ili akazibe mapengo ya ushahidi wake.

Nakubaliana na Jaji. Ningekuwa mimi niliyeshindwa, ningetaka kujua wale wazee walisema nini juu ya shamba langu. Kinachoniuma hadi leo ni bei. Kwa kuwa kosa liliibuliwa na mahakama yenyewe, kila upande ulibeba gharama zake. Na mzee aliyekuwa shahidi wetu mkubwa, aliyemsaidia baba kuchimba mashimo ya ule mkonge, alifariki 2018. Maneno yake yalikuwa ukurasa wa 34 wa mwenendo uliofutwa. Kusoma maoni ya watu wawili kungechukua dakika kumi! Mwenyekiti yeyote anayeketi na wajumbe akisoma hapa, nakuomba, zitumie hizo dakika kumi.

Tulianza upya 2020 na mashahidi wanne. Safari hii, kabla ya hukumu, maoni yalisomwa. Mjumbe wa kwanza alikuwa upande wetu. Wa pili alisema anaona mstari wa mkonge umepinda karibu na mfereji, na kwamba haamini ulipandwa hivyo. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nje akaniambia, "Yule mzee kaangalia. Pale pamepinda kweli, baba yako alikwepa mwamba."

Mwenyekiti hakukubaliana na mjumbe wa pili, na kwa kuwa sheria ilimtaka atoe sababu, aliandika kuhusu huo mwamba karibu ukurasa mzima. Mama alishinda tena. Tukahesabu siku 45 za rufaa, mimi kwenye kalenda ya ukutani, yeye kwa Ijumaa. Hakuna rufaa iliyokuja. Wiki iliyofuata alinipigia kuniambia nimtumie hela ya mbegu, mvua imeshaanza.